Wigi, kilemba au kipara? Niliyojifunza kichwani mwangu wakati wa kemo, Nairobi

MamaTasha_Umoja

Habari za jioni wote. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu juzi kwenye foleni ya kemo (dawa za kansa) dada mmoja aliniuliza wigi yangu nimeitoa wapi. Nikaanza kumweleza, nikaitwa jina kabla sijafika nusu. Dada, kama uko humu, huu hapa mwisho wa ile hadithi. Wengine chukueni chai, ni ndefu.

Mimi ni kansa ya titi. Nilipigwa mizunguko 4 ya ile dawa nyekundu (ile inayokufanya ukojoe rangi ya juisi ya bitiruti), kila siku 21, halafu wakaniingiza dawa nyingine, paklitakseli. Nimebakisha miwili.

Nianze na kosa langu, maana lina bei. Kila mtu aliniambia nunua wigi mapema, ungali na nguvu ya kutembea madukani. Nikaenda mjini na dada yangu wiki moja kabla ya kemo ya kwanza, nikatoa 18,000, pesa ya chama cha akiba, nikanunua wigi ya nywele za binadamu, ndefu, inafika mabegani. Niliijaribu nikiwa nimesukwa mistari. Ilikaa kama nimezaliwa nayo. Mwenye duka akapiga makofi.

Siku ya 16 baada ya dawa, ngozi ya kichwa ilianza kuuma. Nyinyi mliosukwa na mtu wa mkono mzito mnajua ule usiku wa kwanza, unalala kifudifudi kwa sababu kila upande unawaka? Ndivyo. Ila mimi sikuwa nimesukwa siku hiyo. Asubuhi nikashika mstari mmoja karibu na sikio, ukaja wote mkononi, na mzizi wake, bila maumivu hata kidogo. Nikaurudisha pale ulipokuwa, kama mtu anayerudisha kikombe cha watu kabatini. Sijui nilifikiria utashika.

Jioni hiyo nilinyolewa. Kesho yake nikavaa ile wigi ya 18,000, ikazunguka. Nikigeuza shingo kulia, wigi inabaki ikiangalia mbele. Kichwa changu kikiwa na mistari kilikuwa sentimita 57. Kikiwa kitupu, 54. Hakuna aliyeniambia kwamba nywele zetu, hata zikisukwa zikalala, zina unene wa kujaza kofia ya wigi.

Nikaivaa hivyo hivyo kazini. Kurudi, Jogoo Road, nimeketi dirishani na makanga amefungua kioo cha mbele. Nikahisi upepo mahali ambapo haukupaswa kufika. Mtoto aliyepakatwa na mamake pembeni yangu akasema kwa sauti ya kutosha matatu nzima: "Mum, nywele za anti zimetembea." Mamake alimziba mdomo. Mimi nilicheka hadi nikalia, na sehemu ya kilio haikuwa kicheko.

Sasa jambo lenyewe ninalotaka mshike. Wigi nyingi zinazouzwa Nairobi zimetengenezwa kwa kichwa chenye nywele. Geuza yoyote uangalie ndani. Kuna vichana vidogo vya chuma, viwili au vitatu, kazi yake ni kuuma mistari ili wigi isitoke. Ukiwa na kipara havina cha kuuma, vinakukwaruza. Mshono wa ndani ni mgumu kwa sababu umekusudiwa kugusa nywele zilizosukwa, si ngozi tupu iliyochomwa na dawa. Nilikuwa na alama nyekundu nyuma ya masikio hadi nikapata fundi.

Fundi alitoa vichana, akashona lastiki pana nyuma kutoka sikio hadi sikio, akanipa kofia ya ndani ya pamba. Mia nane tu. Wigi ikatulia. Lakini niwaambie ukweli, hata ikitulia ilikuwa nzito, na saa 8 mchana ofisini nilikuwa naiwaza kuliko kazi. Niliyoishia kuvaa kila siku ni ya pili, fupi, ya nyuzi za plastiki, 2,500. Nyepesi kama hakuna kitu. Ile ya chama imevaliwa harusini mara mbili na kwenye picha ya kitambulisho cha kazi.

Halafu nikaikaribisha sufuria ya ugali. Nilifunua kuangalia maji, mvuke ukapanda, na kishungi cha mbele kikajikunja kama nailoni iliyopitiwa na pasi. Haikunyooka tena. Kwa hiyo wigi ya plastiki na jiko, oveni, pasi, hata mlango wa kwa mchoma nyama, haviko pamoja. Nyumbani sasa navaa kilemba cha fulana kuukuu ya pamba. Kata chini ya makwapa, unapata bomba la kitambaa, ingiza kichwa, sokota, rudisha. Haitelezi, haina fundo la kukuumiza ukilala.

Kanisani navaa kilemba cheupe cha heshima. Jumapili ya kwanza mzee wa kanisa alinisalimia akaniuliza kwa upole kama nimehamia kwa Akorino, wale wa kanisa la vilemba vyeupe. Nikamwambia bado wananifikiria.

Ulizeni.

baba_Ken

Pole sana mama Tasha, na ugua pole. Mke wangu anaanza Jumatatu. Nimesoma hii mara mbili. Nilikuwa nimepanga kumnunulia wigi kama zawadi bila yeye kujua, ya nywele za binadamu kama hiyo yako ya kwanza. Nimepata ya 22,000. Yeye huvaa rasta ndefu. Nichukue?

MamaTasha_Umoja

Baba Ken, rudisha hiyo pesa mfukoni.

FundiWaVichwa

Niko Kenyatta Market, kazi yangu ni kushona na kurekebisha wigi, kwa hivyo naongea kama mtu wa ndani. Mama Tasha amesema kweli ambayo wenzangu hawapendi isemwe. Wigi ya saizi ya kati huwa karibu inchi 22 na nusu. Mwanamke mwenye kichwa kidogo akinyoa, hiyo ni sufuria bila mfuniko wake.

Kaka Ken, pima hivi siku ile amenyoa, si kabla: anzia pale nywele zilipokuwa zinaanza kwenye paji la uso, pita juu ya masikio, shuka hadi kwenye kishimo cha shingo nyuma, urudi. Ukiwa na namba hiyo fundi yeyote mzuri anaweza kupunguza kofia ya ndani. Kupunguza ni rahisi. Kuongeza ni kuomba Mungu.

Kitu kingine watu hawaulizi ni ujazo. Madukani utaona wigi zimeandikwa asilimia 150, 180. Hiyo ni wingi wa nywele. 180 inapendeza kwa mtu anayekwenda sherehe usiku mmoja. Kwa mtu anayevaa kutwa, kwenye jua la Januari, akitoka jasho ambalo dawa zenyewe zinamletea, ni mzigo. Tafuta 130 au chini. Pia inafanana zaidi na nywele za mtu wa kawaida, hasa ambaye uso umekonda.

Na gundi, hapana. Najua lesi ya mbele, ule wavu mwembamba wa wigi pajini, ikibandikwa inaonekana kama ngozi. Nimekataa kumbandika mteja mmoja wa kemo na akanunia. Ngozi ile ni laini kama ya mtoto. Siku ya kutoa gundi ndiyo utajuta. Kuna mkanda wa mahameli unaovaliwa kwanza kichwani halafu wigi juu yake, ule unashika vizuri bila chochote cha kunata.

Sista_Zamu_ya_Usiku

Mimi ni muuguzi, wodi yenyewe siitaji. Niongeze machache kwa sababu naona watu wanakuja kliniki wameshajidhuru.

Kwanza baba Ken, muulize daktari majina ya dawa za mama kabla hajafumua rasta zake. Si kila kemo inanyoa. Dawa hizi zinawinda seli zinazogawanyika haraka, na shina la unywele ni mojawapo, lakini dawa zinatofautiana. Doksorubisini, saiklofosfamidi, paklitakseli, hizo jiandae. Vidonge vya kapesitabini kwa kawaida vinapunguza nywele tu, havimalizi. Nimeona mama amenyoa kipara kwa hofu, dawa aliyopewa ingemwachia nywele.

Kama ni za kuangusha, huwa ni wiki ya pili au ya tatu baada ya dozi ya kwanza. Fumua rasta mapema. Uzito wake unavuta ngozi ambayo tayari inauma, na zikianza kutoka zinajifunga pamoja kuwa kitu kama kiota, utakata na mkasi ukilia.

Pili, mashine, si wembe. Chembe nyeupe za damu hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi, na kijidonda cha wembe cha kawaida kinaweza kuwa mlango wa maradhi. Mwombe kinyozi asafishe mashine mbele yako, na aache nywele kidogo sana badala ya kukwangua hadi ing'ae. Na joto la mwili likifika 38, usiku wa manane au mchana, ni hospitali. Usimeze Panadol ukalala. Hiyo haihusu wigi lakini siwezi kuandika humu bila kuisema.

NyweleAsiliaKE

Poleni wote. Nina mafuta ya mitishamba yanayozuia nywele kutoka hata ukiwa kwenye kemo, chupa 1,500, ukichukua tatu 4,000. Njoo inboksi.

Sista_Zamu_ya_Usiku

Hakuna mafuta ya kupaka yanayofanya hivyo. Dawa inafika kwenye shina la unywele kwa damu, wewe unapaka juu. Mods tafadhali.

Kamau_Ughaibuni

Huku Uingereza wana kofia ya kupoza kichwa. Mama mkwe aliivaa. Wanaiwasha nusu saa kabla ya dripu na inaendelea kitambo baada ya dripu kuisha. Baridi inabana mishipa ya damu ya ngozi ya kichwa ili dawa ipite kidogo. Marekani waliiruhusu rasmi aina moja mwaka 2015. Ila inabidi igusane na ngozi barabara, na nywele nzito zilizojikunja kama zetu zinaipa shida. Mama mkwe alibakisha kama nusu, na alisema ile baridi dakika kumi za kwanza ni kama kuweka kichwa ndani ya friza ya muuza samaki. Ameishia kuvaa kofia za sufu hata hivyo.

MamaTasha_Umoja

Kamau, asante, lakini hapa tunahesabu nauli ya kwenda na kurudi. Turudi kwa vitambaa.

Bi_Mkunga_Eastleigh

Assalaam aleikum na poleni nyote. Mimi ni mwenyeji wa Lamu, naishi Eastleigh mwaka wa kumi na tisa. Nilimaliza kemo mwaka jana. Wanawake wenzangu waliniambia, "Wewe una bahati, wajifunika, hakuna atakayejua." Ni kweli nusu. Barabarani hakuna aliyejua. Lakini hijabu yangu ilikuwa ikisimama juu ya fundo la nywele nyuma. Fundo lilipokwenda, hijabu ikawa yalala kichwani kama kitambaa juu ya tikiti. Nilishona kijifuko kidogo cha pamba, nikakijaza mabaki ya sponji, nikakishikiza nyuma ya kofia ya ndani. Nikapata kisogo changu.

Sasa sikilizeni kuhusu vitambaa, wanangu, kwa maana nawaona mwanunua kwa rangi. Satini na hariri bandia kwenye kichwa kitupu ni barafu, zateleza hadi nyusi. Satini ni nzuri ya foronya ya mto usiku, hapo yafaa sana, haikwaruzi. Lakini ya kufunga, taka pamba, taka melimeli, au kile kitambaa cha fulana kinachovutika ambacho maduka ya hijabu hapa Eastleigh wanacho rangi zote. Mraba wa mita moja kwa mita moja watosha. Chini ya hapo masikio yatabaki nje na mkia wa nyuma hautapatikana.

Leso pia yafaa, ila leso nzima kichwani ni nzito, na mpya ina wanga. Ifue mara tatu kwanza. Kisha uangalie jina laangukia wapi! Mimi nilifunga moja mbio mbio asubuhi, nikapanda matatu, watu wananitazama pajini. Kufika nikajiangalia kwenye kioo cha lifti: katika jina lote la leso, neno moja tu limebaki mbele, ADUI.

Nyusi nilichora kwa piko. Zilidumu wiki mbili.

MamaTasha_Umoja

Bi Mkunga nimecheka hadi Tasha amekuja kuangalia kama niko sawa 😂

Sista_Zamu_ya_Usiku

Shikamoo Bi Mkunga. Nimekubali yote ila piko, naomba uniwie radhi. Hina asilia ni kitu kimoja, lakini piko jeusi mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali inayoweza kuchoma ngozi na kuleta malengelenge. Karibu na macho, wakati kinga iko chini, hapana. Penseli ya nyusi inatosha.

Bi_Mkunga_Eastleigh

Marahaba mwanangu. Mimi halikunidhuru, lakini nimesikia.

MzeeKijana_Kayole

Na sisi wanaume? Nilikuwa na limfoma, kansa ya tezi. Kila mtu aliniambia "wewe mwanaume, kipara ni staili tu". Kichwa sawa, hakikunisumbua, nilinunua kofia mbili za mitumba Gikomba, za pamba, mia moja moja. Kilichonisumbua ni ndevu na nyusi. Zilipotoka nilifanana na yai. Mlinzi wa geti la kazini, aliyekuwa ananifungulia miaka sita, aliniomba kitambulisho. Na baridi ya Julai bila nywele sikuwahi kuitarajia, usiku nililala na kofia nimeivuta hadi shingoni. Ya kulalia iwe laini isiyo na mshono juu.

Helmeti ya boda ndiyo sikupata dawa yake. Ile ya kushirikiana na wateja arobaini, ndani ina jasho la nchi nzima. Niliacha boda miezi mitano.

MamaTasha_Umoja

Helmeti! Nilisahau. Ukiivua, wigi inatoka nayo. Yule kijana wa boda alibaki ameishika helmeti na nywele zangu ndani, hajui aangalie wapi. Maskini aliniambia, "Mama, ni sawa, mimi sijaona." Tangu hapo nabeba kofia ya kuogea ya plastiki kwa mkoba, ile ya shilingi thelathini. Kilemba kikiwa kichwani, naivaa juu yake kisha helmeti. Wigi inakaa kwenye mfuko hadi nifike.

Kuosha wigi ya plastiki, kwa aliyeniuliza inboksi: baada ya kuvaa mara saba au nane, maji baridi, shampuu kidogo kwenye beseni, usikamue, usichane ikiwa imelowa. Iache ikauke juu ya mtungi wa maji wa lita tano uliogeuzwa. Jirani alipiga yowe alipochungulia dirishani.

baba_Ken

Nimerudi, wiki tatu baadaye. Zawadi sikununua, asanteni. Nilimsomea mama Ken uzi huu kitandani, akanyamaza muda mrefu, halafu akauliza, "Hiyo ya 22,000 ulikuwa unaitoa wapi, wakati kodi hatujalipa?" Kwa hivyo mmeniokoa na pia mmeniuza.

Dawa zake ni zile za kuangusha, daktari amethibitisha. Alifumua rasta mwenyewe wikendi ya kwanza. Zilipoanza kutoka, Alhamisi iliyopita, tulienda kwa kinyozi wa hapa chini ya ploti. Alikataa mtu mwingine amguse mstari wa kwanza isipokuwa Ken, ana miaka 9. Kinyozi akamshikia Ken mkono. Mstari ukaenda mshazari. Mama Ken akasema uachwe hivyo hadi Ken amalize mwingine, sasa upande mmoja ulikuwa kama shamba limepitiwa na ng'ombe. Kisha kinyozi akasawazisha, hakuchukua pesa.

Kichwa ni sentimita 55. Fundi wa Kenyatta Market ametupokea, wigi fupi, ujazo mdogo, 4,000 pamoja na lastiki. Lakini ameivaa mara moja. Anapenda kilemba cha fulana, na amechagua fulana zangu, si zake. Nimebaki na mbili.

Swali moja la mwisho: nyusi zimeanza kupungua pia. Penseli ni rangi gani kwa mtu mweusi kama sisi?

MamaTasha_Umoja

Mpe salamu zangu, na Ken mwambie ana mkono wa fundi. Kwangu mimi ni kahawia iliyokolea, usichukue nyeusi kabisa. Chora vijistari vifupi vifupi kama nywele, si mstari mmoja. Mimi nilianza na nyeusi, mstari mmoja mnene. Tasha alinitazama akiwa anakula uji, akaniuliza, "Mum, nani amekukasirisha?"